Nyasi Zilizofika Kabla ya Siku

Watu walimwita Cheche kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma, si kwa sababu ya hasira. Hasira hakuwa nazo. Alikuwa mtu mpana wa mabega, mpole, mwenye nyusi zilizoungua mara nyingi hata zikachoka kuota, na duniani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumtoa jasho jembamba: mama mkwe wake.

Kisa chenyewe kilikuwa cha zamani. Mama huyo alifanya kazi maisha yake yote kama opereta wa simu, enzi za kuunganisha watu kwa waya na vitundu, na sauti yake haikukubali kuzeeka pamoja naye. Siku moja, Cheche akiwa bado anachumbia, alipiga simu ya nyumbani kwa mpenzi wake. Ikapokelewa, akasikia "haloo" laini kabisa, na hapohapo akamwaga maneno ya kumtoa nyoka pangoni: jinsi alivyokosa usingizi, jinsi alivyochomelea bomba kinyumenyume kwa kuwaza macho yake, jinsi chakula kilivyomshinda. Upande wa pili ulisikiliza mpaka mwisho bila hata kukohoa. Kisha ile sauti laini ikasema, "Subiri kidogo, nikuunganishe na mwenyewe."

Tangu siku hiyo wawili hao hawakuwahi kuzungumza moja kwa moja. Ugomvi haukuwepo. Ilikuwa haya tu, na haya hiyo ikakomaa mpaka ikawa mazoea. Hata wakiwa meza moja, mama alimgeukia bintiye, "Muulize mumeo kama chumvi iko upande wake," na Cheche, chumvi tayari mkononi, alijibu, "Mwambie mama hii hapa." Mkewe alifikisha ujumbe pande zote mbili huku akitafuna.

"Nyinyi mtanitoa roho," alikuwa akisema. "Mama amestaafu, kazi nimerithi mimi."

Mwaka waliohamia nyumba yao wenyewe, mama aliteleza bafuni kwake akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akawekewa chuma, na Cheche akamwomba mkewe amuulize mama kama ni chuma kisichoshika kutu. Kisha mama akaletwa kwao apone. Walimpa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Daktari alikuwa amesema neno moja na kulirudia: atembee. Kidogo kidogo, kila siku, la sivyo mguu utasahau kazi yake.

Lakini mama aliogopa. Vigae vya sebuleni vilimkumbusha bafu. Na nje ndiko kulikokuwa balaa. Mafundi wa ujenzi walikuwa wameondoka na vifaa vyao, wakaacha kila kitu kingine: vipande vya matofali, mabonge ya saruji iliyoganda, misumari, mbao zilizopasuka. Mvua ikinyesha, tope lilivua watu viatu. Jua likiwaka, ardhi ilikauka ikawa na makali. Basi mama akakaa kwenye kiti chake dirishani, na fremu yake ya kutembelea ikasimama pembeni, inang'aa kama ilivyotoka dukani. Alikuwa akiitundikia taulo.

Cheche aliiona ile taulo kila asubuhi akienda karakana. Ikamkera moyoni, lakini angesema nini, na kwa njia gani? Jioni moja akapita kwenye kitalu cha mimea kilichokuwa jirani na karakana yake. Mwenye kitalu alikuwa mzee mwembamba, mkavu wa maneno, aliyeuza ukoka wa kutandika, ule unaokatwa na udongo wake chini na kukunjwa kama mkeka.

"Nyasi si tatizo," mzee alimwambia. "Tatizo ni kitanda chake. Ukitaka kuzilaza juu ya kifusi, mimi sikuuzii."

Akamweleza. Achimbe urefu wa beleshi zima, achekeche mawe yote, achanganye samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Asawazishe, amwagilie, aache udongo ukae, halafu asawazishe tena. Na siku nyasi zikifika, azitandike siku hiyohiyo, kwa sababu zikilala zimekunjwa zinachemka ndani kwa ndani.

Nyumbani alimkuta mkewe jikoni, akamwambia.

"Nyasi?" mkewe alishangaa. "Mimi nilijua tunamalizia rangi ya ukumbi."

"Rangi haitakimbia. Nyasi ni za mama. Apate pahali laini pa kukanyaga, hata akianguka asiumie."

Sauti ikatoka chumba cha mbele, laini kama siku ya kwanza. "Mwambie mumeo sina mpango wa kuanguka."

"Mwambie mama sikusema ataanguka," Cheche alijibu haraka, na mkewe akarudi kwenye sufuria yake bila kumwambia mtu yeyote chochote.

Kazi ilianza. Cheche alichimba asubuhi kabla ya karakana na jioni baada yake. Chekeche alijitengenezea mwenyewe kwa vyuma na wavu, akaliegemeza kwenye ukuta, akawa analirushia udongo beleshi kwa beleshi. Udongo ulipita, vifusi vikabaki vikilia chini. Alitoa kiatu kimoja cha kazi, mwiko wa fundi uliopinda, na mfuko mzima wa saruji uliogandia ardhini, karatasi imeoza na mikunjo yake yote imebaki kwenye jiwe. Mgongo ulimuuma kwa namna ambayo chuma hakikuwahi kumuuma. Karakana walimcheka kwamba ameacha ufundi amekuwa fuko.

Mwanzoni mama alitazama tu. Kisha ujumbe ukaanza kufika. "Mama anasema ile kona ya mlimao umepitia juu juu," mkewe alimwambia akimletea chai. Cheche alirudi kwenye kona ya mlimao, na kweli, akatoa toroli nzima ya matofali. Samadi ilipoletwa, dirisha lilifungwa kwa kishindo. Siku iliyofuata likafunguliwa nusu. Ya tatu, lote.

Walikubaliana na mzee wa kitalu kwamba ukoka uje Jumamosi, mkewe akiwa na mapumziko ya duka la dawa alikokuwa akiuza. Lakini Ijumaa asubuhi, Cheche akiwa na reki mkononi, lori likasimama nje.

"Kesho gari linaingia gereji," dereva alisema, tayari anashusha. "Ni leo au wiki ijayo, na zimeshakatwa."

Zikapangwa kivulini, mikunjo juu ya mikunjo, zinanukia mvua. Lori likaondoka. Cheche akabaki akiutazama uwanja ambao haujasawazishwa mara ya mwisho. Alikuwa na pima maji yake ya karakana, lakini kile kifaa kilizoea bomba na fremu za madirisha. Ukikiweka juu ya udongo kilisema kitu kimoja hapa na kingine hatua mbili mbele. Aliinama, akafumba jicho moja, akaona sawa. Akaenda upande wa pili, akaona bonde.

Alipoinua kichwa, mama alikuwa dirishani.

"Mwambie..." mama alianza.

Akanyamaza. Hapakuwa na wa kuambiwa. Walitazamana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kisha mama akaondoka dirishani, na Cheche akajiona mjinga kwa kusimama pale bila kusema neno. Akaendelea kuvuta reki.

Baadaye alisikia mlio mlangoni. Tok. Kimya kirefu. Tok. Mama alikuwa kizingitini na fremu yake, taulo haipo, kilemba kimekazwa, jasho juu ya mdomo. Cheche alitupa reki akakimbia kumshika.

"Acha," mama alisema. "Ukinishika nitaanguka. Niletee kiti tu."

Alileta kiti, akakiweka kwenye njia ya zege iliyopita kando ya uwanja. Mama akakaa kwa awamu, kwanza mkono mmoja, kisha mwingine, kisha mwili wote na pumzi ndefu. Akautazama uwanja kama mtu anayesoma.

"Baba, kushoto kwako pamezama. Maji yatatuama hapo."

"Hapa, mama?"

"Nyuma kidogo. Hapo hapo. Tia mbili."

Alitia mbili. Akasawazisha, akakanyaga kwa visigino, akasawazisha tena. Mama aliona kila kitu kutoka pale chini alipokaa. Udongo ulipotulia, walifunga uzi, ncha moja kwenye kigingi, nyingine kwenye mguu wa fremu ya mama, na Cheche akatandika mstari wa kwanza sambamba na njia. Mstari wa pili aliuanza na kipande nusu ili viungo visikutane, kama tofali. Vipande vya pembeni vilihitaji kukatwa, basi mama akaagiza ubao na kisu cha mkate, akavikata mapajani mwake, udongo ukimmwagikia kwenye gauni.

"Mke wangu atatuuliza kisu chake," Cheche alisema.

"Huyo niachie mimi. Nilimzaa."

Mchana jua lilikuwa kali. Cheche alimwagilia mistari iliyokwisha, akanyunyizia na mikunjo iliyobaki kivulini. Mama alikuwa akipangusa kisu kwa majani.

"Ile habari ya bomba," alisema bila kumtazama, "ilikuwa kweli?"

"Bomba gani, mama?"

"Ulilochomelea kinyumenyume."

Cheche alikaa chini, palepale kwenye udongo. Masikio yalimwaka. "Ilikuwa kweli, mama. Nililikata nikarudia kazi yote."

Mama alicheka. Kilianza kama kikohozi, kikamtikisa mabega, mpaka akashika nyonga. "Nilijua. Mimi nimekaa katikati ya waya miaka na miaka, nimesikia wanaume wakiahidi mwezi. Uongo una mapambo. Habari ya bomba hakuna mtu anayeweza kuitunga." Akapangusa macho kwa kiwiko. "Sikuwa na neno na wewe, mwanangu. Niliona aibu. Nilisikia kitu kisicho changu, nami ningeweza kukukatiza mapema. Sikukukatiza kwa sababu kilikuwa kizuri."

Cheche alinyanyuka akachukua mkunjo mwingine wa nyasi, akautandua taratibu.

Mkewe aliporudi jioni aliwakuta wanabishana juu ya kipande cha mwisho, wote wawili na udongo mpaka viwikoni, mama akisema kigeuzwe na Cheche akisema kiko sawa. Mwanamke aliweka mkoba chini getini. Alisimama pale akiwasikiliza, bila kutaka kuwakatiza.

Kisha ikaja kazi ya kungoja. Maji asubuhi, maji jioni, na mguu wa mtu usikanyage. Mama alijipa kazi ya ukaguzi: kila siku alitoka na fremu yake akapita njia ya zege kwenda na kurudi, akitazama. Hakuna aliyemwambia kwamba ndiko kutembea kwenyewe.

Yeye ndiye aliyeona karibu na bomba la maji pamebadilika rangi. Pakawa njano, kisha pakawa kama majani makavu. Cheche alijua kabla hajainua nyasi. Pale mafundi walikuwa wakichanganyia saruji, na ile Ijumaa, nyasi zikichemka kivulini, aliona bamba la saruji limebaki chini akalifunika kwa udongo wa kina cha kiganja kimoja.

"Niliharakisha," alimwambia mama. "Niliona nikajidanganya."

"Basi toa," mama alisema. "Kwani umezika mtu?"

Alilivunja kwa tindo na nyundo, akalitoa vipande vipande, akajaza udongo mwema, na mzee wa kitalu akampa mikunjo mingine miwili pamoja na maneno makavu ya kutosha. Baada ya muda Cheche alivuta kona ya kipande kipya kwa vidole viwili. Kilikataa kuinuka. Mizizi ilikuwa imeshika.

Asubuhi moja ya mapumziko, mama alivua kandambili zake kwenye ukingo wa njia. Akashusha mguu mzima kwanza, kisha ule wa chuma. Miguu ya fremu ilizama kidogo na mkewe Cheche akashika mdomo, lakini mama alingoja ikatulia, akasogea. Alifika katikati, akasimama, vidole vya miguu vikijikunja na kujikunjua.

"Zinatekenya," alisema.

Akaendelea mpaka kwenye ua, ambako upande wa pili jirani alikuwa akianika nguo, wakasalimiana, wakaulizana habari, na salamu zikageuka maongezi marefu kiasi kwamba Cheche alimpelekea kiti.

Mguu haukurudi kuwa wa usichana. Lakini kabla mvua nyingine hazijaanza, fremu iliingia stoo na mama akawa anatembelea mkongojo, aliotengenezewa na Cheche kwa bomba jembamba lenye mpira chini. Mama alisema atarudi kwake nyasi zikishakatwa mara ya kwanza. Nyasi zikakatwa, zikaota, zikakatwa tena, na habari ya kuondoka hakuna aliyeigusa.