Nati ya Mwenzangu

Lori lile tulilinunua pamoja, mimi na mwenzangu wa gereji, likiwa gofu. Lilikuwa la wakati wa Wabelgiji, pua ndefu na bodi ya mbao, na kuku walikuwa wakitagia chini ya usukani. Tulikusudia kulifufua polepole, baada ya kumaliza kazi za wateja.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu hapa Bujumbura, nilisoma chuoni kwa sheikh kabla sijashika spana. Yeye alikuwa Mkristo wa Nyakabiga, mtaa wa jirani, mwimbaji wa kwaya, na redio yake ndogo haikuzimwa gerejini tangu asubuhi mpaka tunafunga. Tulikuwa na desturi moja tuliyoachiwa na fundi aliyetufunza sote wawili: injini haifungwi na mtu mmoja. Kifuniko cha juu kikisharudi mahali pake, nati mbili za mwisho huachwa. Mimi nasema bismillahi, nakaza yangu. Yeye anafanya ishara ya msalaba, anakaza yake. Fundi wetu alikuwa akisema kwamba anayefunga peke yake hana wa kumuuliza amesahau nini ndani.

Vita vilipofika mitaani kwetu, watu wa Nyakabiga walianza kuhama. Asubuhi moja mwenzangu hakuja kazini. Nilipokwenda kwake nilikuta mlango wazi, sufuria bado jikoni, na majirani hawakutaka kusema. Baadaye mmoja aliniambia alivuka kwenda Uvira, ng'ambo ya ziwa, mwingine akaniambia alionekana kambini Tanzania. Nilimwombea kila baada ya sala. Sikujua nimwombee kama aliye hai au kama marehemu, basi nikaomba maneno yanayofaa kwa wote wawili.

Mke wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki kabla ya vita. Nikabaki na lori. Nilipiga msasa, nikabadilisha mbao zilizooza, nikapaka rangi ya kijani ile ile niliyoikuta chini ya kutu. Mikono ilikuwa na kazi, nashukuru, maana jioni zilikuwa ndefu. Siku ya kufunga injini nilikaza nati yangu. Ya mwenzangu niliigeuza kwa vidole tu, nikaweka kitambaa chini yake cha kunyonya mafuta.

Mwaka ambao mapigano yalitulia kidogo, redio ilitangaza maonyesho ya magari ya zamani kule Kibenga, karibu na ziwa. Kila gari litakalokubaliwa kuwa la asili lingetajwa redioni. Nilikaa chini niliposikia. Kama mwenzangu yu hai, popote alipo, anaisikiliza redio ya Bujumbura. Angejua kwamba lori limesimama, na kwamba mimi pia nipo.

Lori halikuwa na karatasi za kutembea barabarani, kwa hiyo jirani alilivuta kwa lori lake, mimi nikiwa nyuma nimeshika usukani. Kwenye kizuizi askari alilizunguka akicheka.

"Mzee, hii gari ni yako ao ni ya babu yako?"

"Ni yangu, mwanangu. Babu yangu alikuwa anatembea kwa mguu."

"Na imebeba nini?"

"Imebeba mi."

"Basi pita. Mzigo wenyewe hauna uzito."

Kule Kibenga, mkaguzi alikuwa bwana mmoja mpole, mwenye miwani na tochi. Alilala chini, akalinganisha namba ya chasi na ile ya kibati cha mlangoni. Akagonga mbao, akanusa viti. Aliridhika. Halafu akafungua boneti, akagusa injini, akatazama mafuta kwenye kidole chake.

"Papa, hii nati iko legevu."

"Najua."

"Unajua, na haukuikaza?"

"Ni ya mwenzangu."

Akatazama nyuma yangu, kama anayengoja mtu atokee. "Basi mwite akuje."

"Sijui nimwitie wapi."

Akapangusa kidole. "Papa, gari ni yenyewe, nimeona. Lakini injini yenye kuvuja siwezi kuikubali, itamwaga mafuta mu majani ya watu. Uikaze, ao urudi nayo. Naenda kuona ile gari ingine, halafu nitarudia hapa."

Nilibaki nimeshika spana. Nikirudi nyumbani, redio haitalitaja lori. Nikikaza, nimefunga injini peke yangu, na kufunga peke yangu ilikuwa kama kusema harudi tena. Nilimkumbuka Nabii Yakubu, aliyelia hata akapofuka macho, na bado akawaambia wanawe wasikate tamaa. Nikasogea. Ishara ya msalaba si yangu, sikuifanya. Nilinyamaza tu kwa muda ambao yeye angeutumia, halafu nikakaza.

Mtu wa redio alipofika nilimwomba jambo moja: aseme mafundi ni wawili. Jioni, gerejini, nilisikia sauti yake ikisema, "Lori la kijani, lililofufuliwa na mafundi wawili wa Buyenzi." Alikosea kidogo, mmoja ni wa Nyakabiga, lakini mwenyewe angeelewa. Niliacha mlango wa gereji wazi mpaka saa ya watu kuingia ndani.

Hakuna salamu iliyokuja, si wiki ile wala baada yake. Wasafiri kutoka ng'ambo ya ziwa niliwauliza, wakatikisa vichwa.

Maonyesho yalipokwisha na lori kurudi Buyenzi, nilifungua boneti, nikailegeza nati ile mpaka ikageuka tena kwa vidole. Alhamdulillahi, injini ni nzima. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini naiwasha kidogo, inavuja, nami nabadilisha kitambaa.