Dirisha Nililolikata Kwenye Kontena

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyolikata lile kontena nilikuwa napiga mluzi. Nilikuwa nimerudi kutoka Arusha kujifunza kuchomelea vyuma, na kichwa kilikuwa kimejaa kuliko mfuko.

Kontena hilo lilituletea kijijini kwetu Mbulumbulu mashine ya kusaga, zawadi ya marafiki wa parokia walioko ng'ambo. Mashine ilisamehewa ushuru. Kontena lenyewe halikutozwa ushuru kwa sababu lilikuwa la kurudishwa kwa wenyewe, ila kina mama wa kikundi cha kilimo waliacha amana forodhani Tanga, warudishiwe likirudi zima. Fedha hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yao ya ngano na maharage ya msimu uliofuata. Nyingine hawakuwa nayo.

Hayo yote niliyajua. Lakini zilikuwa enzi za uhaba, bati moja unalitafuta mwezi mzima, na mimi naona chumba kizima cha chuma kimekaa uwanjani. Nikasema moyoni, wenyewe watakumbuka sanduku moja? Nikalikatia dirisha pana, ili kontena liwe duka la kikundi. Nilitaka kumfurahisha mwenyekiti wao, Mama Paskalina, aliyeuza mbuzi wake nipate nauli ya kwenda kujifunza kazi.

Akaja na jembe begani, akatazama. Hakupaza sauti.

"Ukipewa ng'ombe wa jirani umtunze, maziwa ni yako, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona umemkata sikio ukamtia alama yako?"

Kwetu sisi aibu kubwa kuliko hiyo sijaiona. Nikakirudisha kile kipande, nikachomelea, nikapaka rangi, kisha nikamshauri tuseme lilitufikia hivyo hivyo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mficha uchi hazai, baba. Twende wote na lori."

Huko forodhani karani alilizunguka mara moja tu, akaweka kidole penye kovu. Akauliza nani amelikata. Mama akanitangulia: "Ni sisi, mwanangu. Tulijisahau tukadhani ni letu."

Sisi! Na mimi nilikata peke yangu. Nililia mbele za watu, wala sioni haya kukuambia.

Amana ilirudi nusu. Ikatosha maharage, ngano hawakupanda mwaka ule. Nikawachomelea majembe na milango bure mpaka mvua nyingine, na hakuna aliyenisimanga.

Basi sikia, mwanangu. Kitu kukaa uwanjani kwako hakukifanyi kiwe chako, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Uliza mwenyewe ni nani kabla hujaanza kukata, hata kama nia yako ni njema. Ukiharibu, sema mapema, usipake rangi. Na mtu akikosea kwa kukupenda, mgombeze nyumbani, lakini mbele za watu simama naye useme "sisi". Mungu akujalie mtu wa kukusemea hivyo siku utakayokosa la kusema, na wewe akufanye mtu huyo kwa mwenzako.