Wagonjwa Kumi na Tisa Wasio na Simu

Mume wangu hakufukuzwa hospitali. Aliandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake, na nakala ninayo. Wanaosema alishindwa na programu za kisasa wanasema wasilolijua.

Kwa miaka ishirini aliitunza programu ya kuwakumbusha wagonjwa tarehe zao za kliniki. Ilikwenda kwa mizunguko: mchukue mgonjwa wa kwanza, tazama tarehe yake, mtumie ujumbe, nenda kwa wa pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Msichana aliyeajiriwa karibuni akamtania kwamba programu yake inazunguka kama mbuzi wa kambani. Akamjibu kuwa mbuzi huyo hajawahi kupotea.

Lakini alijifunza. Akiwa na miaka hamsini na minane, kwenye meza yetu ya chakula, alijifunza kuiambia kompyuta anachotaka tu: nipe wagonjwa wote wa wiki hii wenye simu, wapange kwa tarehe. Alinieleza kuwa ni kama kumwambia mtu alete nguo nyeupe zote, badala ya kumsimamia aziinue moja moja. Mistari arobaini ya programu ikawa mitatu, naye akatembea kifua mbele.

Alisahau jambo moja. Katikati ya mzunguko wa zamani aliweka agizo: ukimkuta asiye na simu, chapa karatasi, tarishi aipeleke nyumbani. Mistari mipya iliwachagua wenye simu, basi. Kompyuta haikulalamika. Kwa miezi miwili watu kumi na tisa hawakuitwa.

Aliyegundua ni yeye peke yake. Nilimshauri anyamaze, nakiri. Tena wengi wangeamini kosa ni la yule msichana.

"Mama watoto," alisema, "aliyewaacha nje ni mimi."

Akayasema hayo kikaoni, akairekebisha programu, akaacha kazi. Kisha akazipeleka zile karatasi mwenyewe, kwa miguu, nyumba kwa nyumba.

Tangu hapo simu yetu haikulia. Wenzake wakipita walivuka upande wa pili wa barabara. Tulikula wawili. Sasa amefariki, nakula peke yangu, na bado naweka sahani mbili kabla sijakumbuka.

Katika nyumba ya kumi na tisa alikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mashemeji wananiuliza alimkuta nani humo, na aliambiwa nini. Aliniambia mimi, mkewe. Sisemi.