Mhuri Uliokwenda Safari

Nilipoanza biashara ya mbuzi Garissa, miaka michache baada ya vita vya pili, sikujua kwamba bidhaa ngumu kupatikana ilikuwa karatasi. Mbuzi walikuwa tele, na wanunuzi wa bara walikuwa ng'ambo ya Tana wakiwasubiri. Katikati palikuwa na kivuko, na askari wa kivukoni hakupitisha hata mkia bila kibali cha ofisi.

Mbuzi wenyewe walikuwa wa mjomba wangu. Sisi Wasomali, mjomba na mpwa huitana abti wote wawili, basi hata akikukaripia husikika kama anajikaripia mwenyewe. "Abti," aliniambia, "mtaji wangu ndio huu. Ukiweza, wewe mfanyabiashara. Ukishindwa, ngamia wanakungoja." Mimi ngamia sikuwapenda, nao walilijua hilo. Nilitaka duka, kiti, na birika la chai la kwangu mwenyewe.

Karani wa vibali, mtu wa pwani mwenye kanzu iliyopigwa pasi, aliniuliza, "Mbuzi wangapi?"

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Kwetu mali haitajwi kwa hesabu yake kamili, kwa kuogopa jicho la hasidi. Mwenye mia husema ana vijimbuzi viwili vitatu. Mimi nilikuwa na hamsini na wawili. Nikajibu kwa adabu niliyolelewa nayo, "Kidogo tu, bwana karani. Wallahi, kama thalathini hifi."

Akaandika thelathini.

Ukabaki mhuri. Bwana Disii wa zamani, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa akimwachia karani mhuri, na kibali kilitoka kabla chai haijapoa. Huyu mpya aliwaona makarani wote wezi, hata wale ambao hawajaiba bado, akautia mhuri mkobani na kwenda nao porini kukagua visima. "Subira huvuta heri," karani alinifariji. Heri yangu ilikuwa imepakiwa juu ya ngamia, sijui wapi huko.

Tulingoja wiki tatu. Mbuzi walimaliza majani, wakala mkeka wa jirani, wakaanza kuzaa.

Kibali kilipotoka nikawapeleka kivukoni mbio. Askari akawahesabu kwa sauti, akimgusa kila mmoja kwa fimbo, mpaka nikafumba macho. Alipata hamsini na tisa.

"Karatasi inasema thelathini."

"Wengine wamezaliwa juzi, afande."

Akamtazama beberu mmoja mwenye ndevu za kufika kifuani. "Na huyu amezaliwa juzi?"

Nikarudi ofisini. Safari hii nilimnong'oneza karani sikioni hesabu ya kweli, nikiisindikiza na mashallah tatu. Lakini mhuri ulikuwa umeshaondoka tena, kwenye visima vingine. Uliporudi, fisi alikuwa amekula mbuzi wawili, na wengine wawili walikufa kwa njaa. Askari akahesabu hamsini na watano na kunishika mkono. Wanne wamekwenda wapi? Umewauza kwa magendo? Nikamwambia akamuulize fisi. Jibu hilo lilinilaza mahabusu siku mbili, na kwa kweli lilistahili.

Nilipotoka, wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamechoka kungoja, wamekwenda zao. Mbuzi walionekana mbavu tu. Mnunuzi pekee aliyebaki ilikuwa jela yenyewe, iliyotaka kitoweo cha wafungwa, kwa bei iliyopangwa na ofisi ile ile. Kuwapeleka jela hakukuhitaji kibali chochote. Niliona uchungu mpaka nikacheka.

Abti hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Alinitazama kwa huruma, akanikabidhi fimbo ya kuchungia ngamia.

Miezi michache baadaye nilikuwa kisimani nikigombana na ngamia jike aliyekataa kunywa, kwa chuki tu, nikamwona mtu akipita na kundi la mbuzi wanono. Alikuwa akielekea Garissa. Aliniambia Disii yule amehamishwa, na aliyekuja amemrudishia karani mhuri wake. Ukifika asubuhi, adhuhuri umeshavuka. Karani yule yule, kivuko kile kile. Wanunuzi wamerudi, bei imepanda, hata kijana asiyejua kitu anapata faida.

Alinitazama mikono, kisha ngamia. "Na wewe, abti," akaniita kwa heshima ya kwetu, ingawa hatukujuana, "mbona hujaribu? Au biashara huiwezi?"

"Siiwezi," nikamwambia, nikamvutia maji ya mbuzi wake.