Blanketi la Umeme na Kisra ya Haboba

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote za ufundi ni Jumanne moja pale Oli, mtaani kwetu Arua, mwanangu, nilipomwangusha mwanamke mbele ya dada yake. Sikumsukuma. Nilimtengenezea unyayo wa bandia, akaukanyaga, ukamtupa chini. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi, na leo nakusimulia wewe kwa sababu nimeona unavyoshika rula.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, na cheti changu nilikitia kwenye fremu kabla hata ya kununua kitanda. Nilifanya kazi kwa Fundi Candia, mzee mpole wa Kilugbara, aliyekuwa na karakana ya mbao karibu na mto. Watu waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini walipewa miguu ya bandia hospitalini, nasi tulitengeneza nyayo zake. Ndani ya kila unyayo kulikuwa na ubao mwembamba uliopinda, tabaka saba za mbao na kitambaa zilizogandishwa kwa gundi, ili mtu akikanyaga ubao ushuke kidogo kisha umwinue.

Njia hiyo Fundi aliipata kwa mgeni mmoja aliyepita hospitalini, ambaye kwao, nchi ya baridi, alikuwa akitengeneza mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Alituambia kwamba mbao zile hubanwa kwenye presi zikiwa na moto, na moto wenyewe hutoka kwenye blanketi la umeme lililolazwa juu yake, kwa sababu gundi isipopata joto haikomai. Theluji hatukuwa tumeiona, lakini gundi tuliijua. Presi tulikuwa nayo, vyuma viwili vizito na jeki ya lori. Blanketi ndilo hatukuwa nalo, na Fundi akanikabidhi kazi hiyo mimi, msomi wake.

Niliifanya kwa raha, sikufichi. Waya niliupata kwenye majiko mabovu ya umeme yaliyotupwa nyuma ya nyumba za zamani za Arua Hill. Nilinyoosha koili zake kwa mkono mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nikapata kitambaa kinachovumilia moto, na ile gundi nyekundu ya mpira ambayo mafundi wa magari huzibia injini. Nilipiga hesabu ya urefu wa waya na nguvu ya jenereta, ikatoka sawa. Kisha nikachora mistari ya waya kwenye kitambaa kwa rula, ikienda na kurudi, kila mstari umbali uleule kutoka mwenzake. Ilipendeza mno.

Waya ilibidi ushonwe, na kwa kushona hakuna aliyemfikia bibi yangu, Haboba Zenabu. Sisi Wanubi bibi tunamwita haboba. Mashuka yake ya maua yalitandikwa kwenye vitanda vya maharusi wote wa mtaa wetu, na hata Koboko waliyaagiza. Nikampelekea kitambaa, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya mistari yangu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Aliuliza moto utatoka wapi, nikamwonyesha waya.

"Hapa kwa mwisho itabaki baridi," akasema. "Leta mistari karibu-karibu hapa. Katikati wacha nafasi."

Nikacheka, mwanangu. Nilimcheka mwanamke aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. "Haboba, hii ni umeme," nikamwambia. "Haiko kisra."

Kama hujawahi kuiona kisra ikipikwa, ni mkate mwembamba kama karatasi, unaotandazwa juu ya bamba la chuma lenye moto chini. Haboba aliupika kila asubuhi tangu akiwa msichana. Alishona nilivyochora, sindano kwa sindano, wala waya haukugusana mahali popote. Nilichukua kazi yangu nikaondoka bila hata kukaa ninywe chai.

Ubao wa kwanza ulitoka kwenye presi unang'aa. Niligonga msumari katikati yake, msumari ukapinda. Nikamwita Fundi aone, naye akafurahi, akasema apewe mama mmoja aliyekuwa akingoja zaidi ya wote.

Mama huyo aliitwa Kiden. Alikuwa ametoka Sudani Kusini, mfanyabiashara wa unga wa muhogo katika soko la Koboko, na alipoteza mguu wa kulia njiani, safari moja alipokuwa amekwenda kwao. Nafasi yake sokoni ilikuwa nzuri, karibu na lango, na dada yake alikuwa ameishika miezi yote ile. Sasa ilikuwa lazima dada arudi kwa watoto wake. Wazee wa soko walikuwa wamesema wazi kwamba Kiden asiposimama pale mwenyewe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nafasi itakwenda kwa mwingine. Kwa magongo hakuweza, kwani mikono ikishika magongo, kopo la kupimia unga litashikwa na nani?

Alikuja Jumanne hiyo pamoja na dada yake. Akafunga mguu, akatoa magongo kwapani, akayaegemeza ukutani mwenyewe. Hatua ya kwanza akatabasamu. Ya pili akamtazama dada yake. Ya tatu ncha ya ubao, pale mbele penye vidole, ikaachana, naye akaenda chini kwa magoti na viganja.

Hakulia. Alikaa pale kwenye vumbi, akavua mguu, akafungua tabaka za ubao kwa vidole, moja baada ya nyingine. Gundi ya kule mwisho ilikuwa bado inavutika. Fundi akaniuliza imekuwaje. Nami, na cheti changu kwenye fremu, nikajibu: "Haboba alishona vibaya."

Ndilo neno ninaloonea aibu mpaka leo. Kuanguka kwa mama yule kulikuwa kosa. Neno lile lilikuwa uongo.

Fundi Candia hakupandisha sauti. Alimsaidia Kiden kukaa kwenye benchi, akamwomba aturudie Ijumaa, kisha akalibeba blanketi begani akaenda moja kwa moja kwa bibi yangu, mimi nyuma yake nikitamani ardhi inimeze. Alimwambia niliyoyasema. Haboba angeweza kunimaliza pale pale. Alilipapasa blanketi, akasema tu, "Mimi nilishona pale mstari iko." Halafu akanitazama mimi, si Fundi. "Kuja. Pika."

Akaniketisha mbele ya bamba lake. Makaa aliyakusanya yote katikati, akanipa bakuli la uji wa mtama, nikatandaza. Katikati kukaungua, pembeni kukabaki kubichi, kunanata. Akaniambia nile, nikala yote, iliyoungua na iliyo mbichi, Fundi akitazama kwingine ili asicheke.

"Chuma iko inapeleka joto nje," Haboba akasema. "Kwa mwisho ndiyo inatoroka. Kila mutu anapika anajua."

Akasukuma makaa pembeni kwa kijiti, akapika ya pili. Ilitoka sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Hapo tu ndipo nilipofungua mdomo nikamwambia Fundi kwamba Haboba alinionya, nami nikamcheka, kisha nikamsingizia. Fundi akasema alijua, maana mishono ya bibi yangu hajawahi kuona imekosea.

Turudi kwenye kazi. Kabla ya kufumua chochote nilipanga vipande vya mshumaa juu ya blanketi, tukaliwekea vyuma vyake juu na chini kama lilivyokaa kwenye presi, bila kukaza jeki, tukawasha jenereta. Tulipofungua, vya katikati vilikuwa maji, na vya mwisho vilikaa vimesimama vinanitazama. Kwa siku mbili mimi na Haboba tulifumua na kushona upya, tukisogeza mistari karibu-karibu kwenye ncha na kuipa nafasi katikati. Safari hii yeye ndiye aliyechora, kwa chaki, bila rula. Mishumaa ikayeyuka yote kwa pamoja.

Ijumaa Kiden alirudi. Aliushika ubao mpya, akajaribu kuufungua kwa kucha mbele na nyuma, ukakataa. Kabla ya kuufunga akaniuliza, "Hii, nani ilitengeneza?"

"Mimi na bibi yangu, Mama," nikamwambia. "Ile ya kwanza niliharibu mimi peke yangu. Yeye alinionya nikakataa."

Akaufunga mguu. Kisha akanipa magongo yake niyashike, akasimama.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda Koboko. Sikuagizwa na mtu. Nilisimama ng'ambo ya lango la soko, nikamwona Kiden kati ya magunia, kopo mkono mmoja, mfuko wa mteja mkono wa pili, akigeuka huku na huku kwa miguu miwili. Nililia, mwanangu, na sikuona haya. Cheti nilikitoa kwenye fremu nilipofika nyumbani, na ndani yake nikatia kipande cha shuka la Haboba. Ndicho unachokiona ukutani kila siku na kuniuliza.

Basi nakwambia waziwazi. Hesabu ni nzuri, ishike. Lakini kabla ya kukaza jeki, mtafute aliyewahi kukaa karibu na moto kuliko wewe, hata kama hajui kusoma, na akikuambia kitu, jaribu kwanza, cheka baadaye. Usipime kazi yako katikati inakopendeza. Ipime mwisho, kwa sababu mwenye mguu anakanyagia mwisho. Na ikivunjika, neno la kwanza liwe "mimi".

Haya, washa jenereta. Mungu akupe mikono mitulivu na masikio mapana, akujalie watu wa kukuonya na moyo wa kuwasikia, na joto lake likufikie mpaka kwenye ncha za vidole.