Magunia ya Chokaa Chini ya Ngazi

Nasomesha fizikia skuli ya Mpendae, hapa Unguja. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba nishati haipotei, hubadilika umbo tu, na kwamba joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, halirudi lenyewe. Naandika kwa mbwembwe. Wanafunzi wangu hawajui kuwa kuna siku sheria hizo zilinitoka zote kichwani, nyumbani kwetu Mji Mkongwe.

Ukuta wa chini ulikuwa umemomonyoka, na fundi akaleta magunia matano ya chokaa iliyotoka tanuuni, bado haijatiwa maji. Akanionya: "Mwalimu, jiwe hili lilipochomwa lilikula moto, na moto wake bado umo ndani. Likipata maji litautoa wote. Liweke pakavu."

Nikamcheka. Mimi ndiye wa kufundishwa habari za joto? Nikayapanga magunia chini ya ngazi ya mbao, mahali ninapopajua fika kwamba panavuja. Ujinga gani ule!

Masika ikamwaga tangu asubuhi. Alasiri nikasikia maji yanachirizika, kisha kitu kinachemka. Gunia la ukutani lilikuwa linafuka, na ubao wa ngazi umeanza kupiga weusi. Juu alikuwa bibi yangu, miguu haimchukui tena, na ngazi ni hiyo hiyo moja.

Hofu ikanivaa, akili ikaruka. Nikachukua ndoo ya maji nikamwagia. Maji, jamani! Chokaa ikatutumka na kuunguruma, mvuke ukajaa ukumbini, tone likanichoma shingoni. Nikatoka mbio mpaka kwenye baraza ya nyumba ya pili. Peke yangu.

Nikasikia bibi anaita kutoka juu: "We mwana! Wapika nini huko?"

Nikiitika "naam", atajua sauti inatoka nje, atajua nimemkimbia. Akaita tena. Sikuitika. Nilikuwa naogopa ule mvuke, naogopa ngazi isije ikawaka, na wallahi yeye nilimwogopa zaidi.

Alipoita mara ya tatu alikuwa anakohoa. Hapo nikajifunika shati usoni nikaingia. Ngazi ilikuwa ya moto nyayoni, lakini ilinichukua. Nikambeba mgongoni, nikashuka naye huku nasoma kila dua niijuayo.

Ngazi haikuwaka. Chokaa ilichemka mpaka ikamaliza joto lake, ikapoa, ikabaki kama uji mzito. Bibi nilimkalisha kwenye baraza ile ile ya nyumba ya pili, nikamfunika.

"Nilikwita mara tatu," akasema.

"Sikusikia, bibi. Kelele za mvua."

Akanitazama. "Dirisha la juu li wazi, baba. Nilikuona umesimama hapa."

Hakulisema tena, si kwangu wala kwa fundi. Ukuta umepigwa kwa chokaa ile ile, na umependeza. Lakini siku hizi akianza tu kuniita, mimi nshaitika "naam", kisha napanda juu kuhakikisha kama amenisikia.