Mama Mkwe na Kiota cha Kitwitwi

Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile ya Bahi uso unaniwaka. Mwenye kutaka kucheka acheke, mimi sicheki.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kibarua wa Mzungu mmoja mwenye wazimu wa ndege. Kiangazi, maji ya bwawa la Bahi yanaponywea, vitwitwi hutaga kwenye udongo mtupu wa ufukweni. Ni videge vidogo vyenye miguu ya vijiti, vinakimbia kandokando ya maji kutwa nzima. Mzungu alikuwa akiwanasa kwa wavu, anawavika pete ya bati mguuni, anawaachia, ili mwaka unaofuata ajue nani amerudi. Mwaka ule alirudi mmoja tu, jike, akataga. Mzungu akaniambia nikilinde kiota kile, maana vifaranga alitaka kuvivika pete mwenyewe. Yakiharibika mayai, kazi sina.

Kitwitwi ana ujanja wake. Akishtuka hayaachi mayai wazi. Huyafukia mchanga kwa miguu, upesi upesi, ndipo akimbie. Ukipita hapo huoni kitu. Mimi nilipajua kwa sababu nilishinda hapo.

Sasa udongo uleule ndio wanawake wetu waliokuwa wakiukwangua kupata chumvi. Asubuhi hiyo akaja mmoja peke yake, anakwangua anasogea, anakwangua anasogea, na mbele yake ndege wangu ameshaanza kufukia mayai. Nikachomoka mbio. Nilipomkaribia ndipo nikamtambua: mama mkwe wangu.

Asiye Mgogo huenda asinielewe. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mkikutana njiani wewe unaingia porini, yeye anajifunika shuka kichwani, anageuka, anachuchumaa mpaka upite. Na mimi nilikuwa nimeoa juzijuzi tu, nikisifiwa ukweni kwa adabu. Ningegeuka, ningemwita mtu mwingine aseme naye. Wapi! Kichwani nilikuwa na mayai ya Mzungu tu.

“Mama, usikanyage hapo!” nikapiga kelele.

Akanigeukia, kiota kikawa mgongoni kwake, tukatazamana. Maskini, akafanya alichofundishwa tangu utoto: akajifunika, akarudi nyuma hatua chache, akageuka, akachuchumaa. Alichuchumaa juu ya kiota.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye hawezi kuinuka mpaka niondoke, na mimi bado nimesimama palepale. Mwishowe nikatimua mbio kama mwizi wa kuku, nikajificha nyuma ya kichaka. Nikamwona anainuka, anapapasa nguo yake kwa nyuma, anautazama mkono uliolowa. Kisha akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga polepole kwa vidole. Alikaa hapo muda mrefu.

Jioni mke wangu akarudi kutoka kwao na kikapu kidogo. Ndani mlikuwa na pumba, na katikati ya pumba mayai ya kuku.

“Mama anasema usimkasirikie,” akaniambia. “Hakujua kama kuna kiota. Anauliza, haya yakiwekwa pale, yule ndege hawezi kuyalalia? Ili Mzungu wako asikufukuze.”

Mke wangu hakucheka, wala hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Niliyemvunjia mama heshima ni mimi, nimemkazia macho kama mhuni wa sokoni, halafu anayeomba radhi ni yeye. Na kwenda kumpigia magoti siwezi, maana kumwendea ni kurudia kosa lilelile. Nikakaa na kikapu mapajani. 

“Nikamwambie nini?” mke wangu akauliza.

“Kamwambie ndege ameyakubali.”

Akajitanda shuka lake, akaenda kumwambia mama yake.